Nani Anakopa, Nani Analipa? Uhakiki wa Mjadala Wetu Juu ya Deni la Taifa

Kila ifikapo mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Bungeni Dodoma, mjadala mmoja huzuka upya katika matawi ya Chama, katika vyuo na katika magenge ya kahawa. Mjadala huo ni juu ya deni la Taifa. Makala haya hayakusudii kueleza kama deni hilo ni kubwa au ni dogo. Yanakusudia kuuhakiki mjadala wenyewe, kwa sababu mjadala unaouliza swali lisilo sahihi hauwezi kutoa jibu sahihi, hata kama wanaoujadili wana nia njema.

Naanza kwa kujikosoa. Mwaka 2023 nilifundisha semina ya viongozi wa matawi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Somo langu lilikuwa Uchumi wa Taifa na Bajeti ya Serikali. Nilieleza kwa tarakimu kwamba deni letu ni himilivu. Nilipomaliza, mzee mmoja, mkulima wa alizeti, alisimama akasema: “Ndugu Mkufunzi, umetueleza deni ni kiasi gani. Hujatueleza linalipwa na nani. Gunia langu la mwaka jana na gunia langu la mwaka huu ni gunia lile lile. Bei ndiyo si ile. Hiyo tofauti imekwenda wapi?” Nilimjibu kwa kurudia tarakimu zile zile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Ahsante, mwanangu,” akaketi.

Ndugu msomaji, wenye kuijua heshima ya wazee wa Kinyaturu wataelewa kwamba sikupongezwa. Nilikuwa nimeulizwa swali la itikadi, nikajibu kwa hesabu za karani. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile kama lilivyostahili kujibiwa.

1. Makosa ya pande mbili

Katika mjadala wetu kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wasifu. Hawa husema deni ni himilivu, kwa hiyo hakuna la kujadili. Upande wa pili ni wa walalamikaji. Hawa huchukua deni lote, wakaligawa kwa idadi ya Watanzania, kisha wakatangaza kwamba kila mtoto anayezaliwa tayari anadaiwa.

Pande hizi zinapingana kwa maneno, lakini zina kosa moja. Zote mbili zinaupima uzito wa deni bila kuangalia mwili wa anayelibeba.

Tuchukue mfano. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa ya shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa trilioni 34.61. Fungu la kulipia deni la Serikali lilikuwa trilioni 13.13. Maana yake ni kwamba zaidi ya robo ya bajeti nzima ilitengwa kwa ajili ya deni. Ukilinganisha na mapato ya ndani peke yake, ni karibu shilingi 38 katika kila shilingi 100. Ni kweli kwamba sehemu ya fungu hilo ni hati fungani na dhamana zilizoiva, ambazo Serikali huzilipa kwa kuuza nyingine mpya. Hata hivyo, fungu hilo si jambo la kupita juu juu.

Wasifu wanasema kweli wanaposema kwamba vipimo vya kimataifa havijavukwa. Kipimo kimojawapo hulinganisha thamani ya sasa ya deni lote na pato la taifa, na kwa nchi yenye hali kama yetu ukomo wake ni asilimia 55. Lakini pato la taifa ni jumla ya mambo mengi: nyumba za kupanga, huduma za simu, biashara za mijini, dhahabu na mazao. Deni la nje halilipwi kwa jumla hiyo. Linalipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hupatikana kwa kuuza nje, au huokolewa kwa kuacha kuagiza kile tunachoweza kukizalisha wenyewe. Mwaka 2023, wafanyabiashara walipohangaika kutafuta dola katika mabenki yetu, nchi nzima iliiona tofauti iliyopo kati ya kuwa na pato na kuwa na fedha za kigeni.

Walalamikaji nao wanakosea zaidi. Kugawa deni kwa vichwa ni kuficha ukweli wa kitabaka. Hakuna siku ambayo mtoto wa Mkalama na mwagizaji wa bidhaa wa mjini watalipa mafungu sawa kwa njia sawa. Mmoja hulipa kwa kodi anayoweza kuihamishia kwa mnunuzi. Mwingine hulipa kwa bei ya gunia, na yeye hana wa kumhamishia.

2. Azimio lilikwisha kuuliza

Swali la mzee wa Ikungi si geni katika historia ya Chama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 hukumbukwa na wengi kwa sababu ya miiko ya viongozi na kutaifishwa kwa mabenki. Ile sehemu inayozungumzia fedha na mikopo husomwa kwa haraka, kisha ikaachwa.

Hoja ya sehemu hiyo ni nyepesi kueleweka na ni nzito kutekelezwa. Fedha ni matokeo ya maendeleo, siyo msingi wake. Mkopo si zawadi, ni lazima ulipwe. Tena, na hapa ndipo penye kiini, mikopo mingi kutoka nje hutumika mijini na viwandani, lakini ulipaji wake hutegemea zaidi mazao yanayouzwa nje, ambayo hulimwa vijijini. Azimio likatahadharisha kwamba tusipokuwa waangalifu, unyonyaji katika nchi yetu hautakuwa ule wa bepari na mfanyakazi peke yake. Utakuwa pia wa mji kumnyonya mkulima.

Azimio halikukataza kukopa. Lilidai kwamba kila anayekopa amtazame usoni yule atakayelipa. Huo ndio msingi wa uhakiki huu. Deni si tarakimu tu. Deni ni uhusiano kati ya watu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika uchumi wa taifa lipo jambo gumu zaidi ya hilo, kwa maana aliyecheza katika harusi huenda siye atakayeketi matangani.

3. Somo la uwele na mtama

Yupo atakayesema kwamba kuwa na Azimio kulitosha. Historia ya Mkoa wetu inaonyesha vinginevyo.

Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, Taifa lilitumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka. Serikali ikaamua, kwa haki kabisa, kuwahimiza wakulima wa mikoa mikavu kama Singida na Dodoma walime mazao yanayostahimili ukame. Bei za mtama na uwele zikapandishwa, na bei ikawa moja nchi nzima, bila kujali umbali wa kijiji kutoka sokoni. Wakulima wakaitika. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa limenunua mtama na uwele kwa wingi.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa kwa mkulima, maana alizalisha alichoombwa. Halikuwa pia katika nia ya kujitosheleza kwa chakula. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuwa amejibu swali la nani atakula uwele huo. Mtu wa mjini alitaka sembe, mchele na mkate. Nafaka ya Singida ikajaa maghalani na nyingine ikauzwa kwa hasara. Shirika likakopa Benki ya Taifa ya Biashara ili linunue tena msimu uliofuata. Deni la shirika likawa mzigo wa benki, na mzigo wa benki ukawa mzigo wa Hazina.

Tutambue pia kwamba wakati huo vyombo ambavyo vingeweza kupiga kelele mapema havikuwepo. Serikali za Mitaa zilikuwa zimeondolewa mwaka 1972. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Kweli, ushirika ule ulikuwa na wezi wake, na wakulima walikuwa wakiwalalamikia. Lakini kumfukuza mwizi wa ghala ni jambo moja, na kubomoa ghala ni jambo lingine. Mkulima alibaki uso kwa uso na shirika lililoamua bei, likaamua zao, likaamua siku ya kununua, na likaandika hesabu zake mbali na macho yake.

Kisha yakaja mapigo ya nje: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979. Nchi ambayo Hazina yake ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa ndani haikuwa na pumzi ya kuyahimili. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalivunjika mwaka 1979, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Tulipokubaliana na Shirika hilo mwaka 1986, shilingi iliyokuwa 17 kwa dola ilishushwa hadi 40. Tangu hapo masharti mengi ya uchumi wetu yaliandikwa na wengine. Ndiyo maana nasema kwamba hesabu ya ghala la uwele na hesabu ya uhuru wa nchi ni hesabu moja.

4. Somo la alizeti

Wengine watasema hayo ni ya zamani, ya enzi ya mashirika ya umma. Basi tutazame jambo la juzi, la enzi ya soko huria.

Kwa miaka mingi Tanzania imeagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, hasa ya mawese. Hayo ni matumizi ya dola kwa kitu kinachoota Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa forodha wa mafuta ya kula yaliyosafishwa hadi asilimia 35 ili kumlinda mzalishaji wa ndani. Mwaka 2021 Singida ikachaguliwa, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya mkakati wa alizeti. Mbegu za ruzuku zikaletwa. Viongozi wakahimiza, nasi wakufunzi tukahimiza. Wakulima wakapanua mashamba.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kula ilipanda duniani kote, kwa sababu ya vita vya Ukraine na kwa sababu Indonesia ilizuia kwa muda kuuza mawese nje. Mnunuzi wa mjini akalia, na kilio chake kilikuwa cha haki. Serikali ikapunguza ushuru ili kumpunguzia makali. Lakini kuanzia katikati ya mwaka ule ule bei ya mawese duniani ilianza kuporomoka. Mafuta ya nje yakaingia yakiwa rahisi wakati ukuta wa ushuru umeshushwa, na alizeti iliyovunwa mwaka 2023 ikakuta soko limejaa. Bei ya gunia ikaanguka. Wabunge wa mikoa ya alizeti wakalalamika Bungeni, na katika bajeti ya mwaka 2023/24 ushuru ukapandishwa tena. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, lakini msimu haurudi nyuma kama bajeti.

Sasa naweza kumjibu yule mzee. Tofauti ya bei ya gunia lake ilikwenda wapi? Sehemu moja ilikwenda na kushuka kwa bei duniani, jambo ambalo hakuna Waziri anayeweza kulizuia. Sehemu ya pili ilimfikia mnunuzi wa mjini. Sehemu ya tatu ilibaki kwa mwagizaji na kwa mwenye shamba la michikichi wa nchi za mbali. Hazina yetu haikuongeza kitu: ilipunguza ushuru wake yenyewe, ikatoa dola za kuagizia mafuta, na ruzuku ya mbegu iliyokwisha kuitoa ikapungukiwa na maana. Mkono mmoja wa Serikali ulipanda, na mkono mwingine ukang'oa.

Hapo ndipo alizeti inapokutana na deni. Kila lita ya mafuta inayokamuliwa Singida ni dola ambayo haikuondoka, na dola ambayo haikuondoka inaweza kulipa deni la nje. Mkulima anayekata tamaa na alizeti anapunguza uwezo wa Taifa kulipa, hata kama vipimo vya pato la taifa vinaendelea kusema himilivu. Mzee yule aliuliza juu ya gunia lake, nami nikadhani ametoka nje ya mada. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya mada.

Mfano mwingine uko njiani. Reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora chenye urefu wa kilometa 368, imepangwa kupita katika Mkoa wetu. Ujenzi wa reli hiyo unategemea mikopo mikubwa. Wazee wa Iramba wanaweza kutukumbusha kwamba wakoloni nao walijenga tawi la reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930, wakaling'oa katika miaka ya 1940 kwa kuwa halikupata mizigo ya kutosha. Reli hailipi deni. Kinacholipa deni ni mzigo uliomo ndani ya behewa. Kwa hiyo anayejadili mkopo wa reli bila kujadili bei ya alizeti, vitunguu na mifugo ya Singida anajadili nusu ya jambo.

5. Ujasiri wa mwaka 1977

Makada wengine huogopa kwamba kujadili hivi ni kuipinga Serikali. Hofu hiyo haina asili katika Chama.

Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika tathmini ya Azimio baada ya miaka kumi. Angeweza kuandika sifa tupu, maana za kusifia zilikuwepo. Zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wanaishi katika vijiji 7,684, shule zilikuwa zimeongezeka, na tofauti za mishahara zilikuwa zimepunguzwa sana. Mafanikio hayo aliyaandika. Kisha akasema wazi kwamba Tanzania haikuwa bado ya kijamaa wala ya kujitegemea, kwamba matokeo ya kilimo yalikuwa ya kuvunja moyo, na kwamba tija katika viwanda na mashirika ya umma hairidhishi. Kiongozi wa nchi alitumia tarakimu za nchi yake kujihukumu mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kujikosoa.

Lakini uhakiki wa kweli haumwachi hata Mwalimu. Tathmini ile ilieleza kwa ukali uzembe wa watendaji, lakini haikuugusa kwa uzito ule ule uamuzi wa kuwaondolea wananchi vyombo vyao vya kudai hesabu. Ilimtaka mkulima aongeze juhudi, na haikumpa mahali pa kuuliza juhudi yake imekwenda wapi. Mwalimu mwenyewe aliliona hilo baadaye. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alikiri kwamba kuondoa Serikali za Mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Kufikia wakati huo sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kuvirudisha vyombo hivyo. Tunajifunza kwamba hata uongozi safi, ukikosa mtu wa kuuliza kutoka chini, huchelewa kuona kosa.

6. Kazi ya kada

Kutokana na uhakiki huu, ziko kazi tatu ambazo kada hawezi kuzikwepa.

Kwanza, tubadili swali. Tunapotajiwa mkopo, tuulize mambo manne kwa utaratibu: umekopwa kwa kazi gani, kazi hiyo itazalisha au kuokoa nini, nani atalipa na kwa njia gani, na je, huyo atakayelipa alishirikishwa? Mkopo unaojibu maswali hayo tuutetee bila aibu, hata ukiwa mkubwa. Usiojibu tuuhoji, hata ukiwa mdogo.

Pili, tutumie vyombo vilivyopo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Katika vijiji vingapi mkutano huo ni kusomewa karatasi na kupiga makofi? Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hupelekwa Bungeni. Ni matawi mangapi yaliyowahi kuufungua ukurasa unaohusu halmashauri yao? Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabaya na vikundi hewa. Vikundi hewa havikuishi hewani. Viliandikishwa katika kata na vijiji ambako makada tulikuwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi aliyekuwa karibu na daftari ni sisi wenyewe.

Tatu, tuache kutumia tarakimu kama ngao. Mkufunzi anayekariri neno “himilivu” ili amnyamazishe mkulima hana tofauti na yule bwana shamba wa zamani aliyempa amri bila maelezo. Tarakimu ni silaha ya mwananchi ya kumhoji kiongozi, kabla ya kuwa silaha ya kiongozi ya kujikinga na mwananchi.

Baada ya semina ile nilibadili mpangilio wa somo langu. Siku hizi sianzi na trilioni. Naanza na gunia moja la alizeti ubaoni. Wanafunzi hulifuata kutoka shambani hadi kwa mkamuaji, wakahesabu mafuta na mashudu, ushuru wa halmashauri, bei ya mafuta ya nje, dola iliyookolewa au iliyopotea, na mwisho kabisa tunafika katika fungu la deni la Taifa. Njia hiyo ni ndefu, na mara nyingi saa za somo hazitoshi. Lakini mpaka sasa hakuna aliyetoka darasani akidhani kwamba deni ni jambo la Dodoma peke yake, wala aliyetoka akidhani kwamba kulalamika kunatosha.

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo kila Mtanzania analijua tangu utotoni. Kazi ya Chama cha wakulima na wafanyakazi ni kuhakikisha kwamba anayelipa anajua analipia nini, amekubali kulipia, na anabakiwa na kitu mkononi cha kupandia msimu ujao.